Mnara Usio na Mtu: Taa za Pwani Zisomwapo Kutoka Dodoma

Washairi wa Kiswahili huziita aina za tungo zao bahari. Mtu akitunga tarbia au utenzi huulizwa ametunga katika bahari gani, wala hapana ashangaaye swali hilo likiulizwa Kondoa, Manyoni au Kongwa, mahali ambapo maji makubwa kabisa yaonekanayo ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mimi naishi Dodoma, mita elfu moja na mia moja na ushei juu ya usawa wa bahari, na katika bahari nimetunga kwa zaidi ya miaka thelathini. Neno limenikaa. Taswira zinazoandamana na neno hilo ni jambo jingine, na moja kati yake, ile ya mnara wa taa, ndiyo ninayotaka kuijadili katika kurasa hizi, kwa kuwa naona tumeitumia vibaya sisi sote, wa bara na wa visiwani.

Shutuma yangu ni fupi: mnara wa taa katika ushairi wetu hauna mtu ndani.

Tazama sitiari hii inavyokwenda. Kiongozi ni mnara wa taa. Chama, mwalimu, mama mzazi, kitabu, elimu, lugha yenyewe ya Kiswahili, vyote vimepewa mnara, na vikiisha kupewa huanza kumulika bila ya kutiwa mafuta. Taa hiyo haina utambi. Chemni yake haipati masizi, wala hapana usiku ambao mwenye kuiwasha ameugua homa. Ilinganishe na sitiari ya nahodha, iliyo kongwe zaidi. Nahodha ana mikono. Ameshika usukani, aweza kukosea, na methali yatuonya kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwa hiyo mshairi amwitapo mtawala nahodha amempa sifa na dhamana kwa pamoja. Amwitapo mnara wa taa amempa sifa tupu, kwani mnara haukosei. Walio majini ndio wakosao kuutazama. Nadhani ndiyo sababu sitiari hii ilipendwa mno katika tungo za kusifu zilizojaa magazetini baada ya uhuru, na ndiyo sababu mimi siipendi. Hata Mwenge wa Uhuru, ambao ni taa ya bara na ya mlimani, ulikuwa na mtu: mwaka 1961 aliyeupandisha kileleni Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, na jina lake watoto wa shule walifundishwa. Taa za baharini hazikupata bahati hiyo.

Huku kwetu neno lenyewe lina sura nyingine. Mnara ukitajwa mbele ya mtoto wa Bahi au Chamwino hauleti pwani. Unaleta nguzo ndefu ya chuma yenye rangi nyekundu na nyeupe, yaani mnara wa simu. Niliwahi kuwasomea wanafunzi wa kidato cha pili utungo mmoja wa kusifu, bila ya kutaja mtunzi, nikawauliza wanauona mnara gani. Wengi walisema wa simu. Wawili walisema wa msikiti. Mmoja, ambaye shangazi yake anaishi Tanga, alisema wa meli. Kisha msichana aliyekaa nyuma akauliza, "Mzee, na mlinzi wake yuko wapi?" Kwa mtoto yule mnara usio na mlinzi haupo duniani. Kila mnara wa simu aliouona una uzio, ndani ya uzio mna kibanda, na kibandani yumo mtu aliyejifunika koti la baridi, ana redio na tochi, ambaye kijiji kizima chamjua kwa jina na kwa deni lake dukani. Kwa kipimo cha mtihani msichana yule alikuwa ametoka nje ya maudhui. Kwa kipimo changu alilisoma shairi vizuri kuliko lilivyotungwa.

Tunaweza kuanza na neno. Mnara limetoka katika Kiarabu, manara, na maana yake ya asili ni mahali pa nuru. Ndugu zake ni nuru na nari. Basi tusemapo mnara wa taa tumeitaja nuru mara mbili na mtu hata mara moja. Kwa jina hilo hilo Waarabu waliuita mnara wa adhana na mnara mkuu wa Iskandaria, uliohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Ibn Battuta aliuona mwaka 1326, ukiwa umebomoka upande mmoja. Mwaka 1331 alikuwa Mombasa na Kilwa. Aliporudi Iskandaria mwaka 1349 aliukuta umeharibika hata mtu hawezi kuingia. Maana yake ni kwamba msafiri aliyetuachia maelezo mashuhuri kuliko yote ya Kilwa ya karne ya 14 alifika kwetu na picha ya mnara ule kichwani. Alitaja misikiti, alitaja chakula, alitaja ukarimu wa sultani. Taa ya kuongozea vyombo hakuitaja, kwa sababu pwani hii haikuwa ikiihitaji. Manahodha waliijua njia kwa nyota, kwa rangi ya maji, kwa vichwa vya rasi na kwa miti mirefu. Giza likiwakuta karibu na miamba walitia nanga wakangoja alfajiri. Minara ya taa ililetwa na meli za moshi, ambazo zilikuwa na ratiba na bima na hazikutaka kungoja alfajiri ya mtu.

Ndiyo maana karibu yote ni ya kipindi kimoja. Wa Ras Nungwi ni wa miaka ya 1880. Wa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Mafia, ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892. Wa Ras Kigomasha, Pemba, ni wa chuma, wa Waingereza, mwaka 1900. Wa Chumbe ni wa 1904. Ulenge unalinda mlango wa Tanga, na Makatumbe unalinda mlango wa Dar es Salaam. Unguja mjini kulikuwa na mwingine, uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, nao ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile visivyotimia saa moja. Baada yake mnara wa saa uliwekwa usoni mwa jumba lenyewe, na huo nao ukaporomoka pamoja na sehemu ya jumba mwezi Desemba 2020. Tungo za kuomboleza jumba hilo zilitungwa, na baadhi yake ni nzuri. Lakini yule aliyekuwa akiupanda mnara wa kwanza kila magharibi, na mahali alipokuwa asubuhi ile ya mizinga, ubeti wa kuyauliza hayo sikuuona.

Minara hii nimeizuru kwa nauli ya kuungaunga, mmoja leo, mwingine baada ya miaka. Siku hizi safari ni nyepesi kwa mtu wa Dodoma. Tangu 2024 treni ya umeme hutufikisha Dar es Salaam kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, na boti zipo. Kigomasha nilipanda ngazi ya kuzunguka iliyo nyembamba kama koo la chupa, upepo ukilia katika chuma. Ras Mkumbi nakumbuka zaidi mawe ya matumbawe yaliyochongoka yanayokata viatu. Ni minara mizuri, na atakayekwenda hatajuta. Ila mgeni wa minara aghalabu hupanda kwa ajili ya kutazama mbali, hupiga picha ya bahari, na kuteremka bila kutazama kile alichokuwa amesimama juu yake. Hilo ndilo kosa la washairi wetu pia, isipokuwa wao hata ngazi hawakuipanda.

Chumbe nitaisimulia kwa urefu, kwani hapo mtu bado yumo, kwa kadiri ambavyo mawe yanaweza kumhifadhi. Kisiwa ni kidogo, kusini mwa mji wa Zanzibar, na tangu 1994 miamba yake imekuwa hifadhi isiyovuliwa. Wageni huenda kuogelea juu ya matumbawe, na wana haki. Lakini kando ya mnara yamebaki majengo mawili. La kwanza ni nyumba ya mtunza taa, iliyokuwa gofu hata miaka ya 1990, kisha ikajengwa upya ikawa ukumbi wa kupokelea wageni. Ukikaa pale ukanywa chai, umekaa nyumbani mwake. La pili ni msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya mtunza taa. Niliingia, nikasali rakaa mbili, kisha nikakaa kitako. Msikiti huo ni mdogo kuliko chumba cha darasa. Nilijaribu kukisia safu yake siku ya kawaida, na sikuweza kuifikisha watu wanne. Yaelekea alfajiri nyingi alikuwa imamu na maamuma kwa wakati mmoja, ametoka kuzima taa, mikono inanuka mafuta ya taa, akapata udhu kwa maji ya mvua, maana kisiwa hakina chemchemi. Kazi yake usiku twaijua, kwa sababu ilikuwa moja dunia nzima: kukata utambi uliochomeka, kupangusa masizi, kujaza mafuta, kuandika daftarini hali ya upepo na saa ya kuwasha na saa ya kuzima, na penye lenzi izungukayo kwa mtambo wa saa, kuupandisha tena uzito wake kwa mkono kila ulipofika chini. Mchana alifunika lenzi kwa pazia, kwa sababu kioo kinachotupa mwanga mbali usiku chaweza kukusanya jua mchana kikaunguza. Mshairi gani asingelitamani jambo hilo! Taa inayopaswa kulindwa na jua. Nalo halimo katika diwani yoyote niliyoisoma.

Mwaka 1926 mnara wa Chumbe uliwekewa mtambo wa gesi, na kazi ya kukesha ikaisha. Mtambo huo ulitokana na ugunduzi wa Msweden Gustaf Dalén, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912 kwa ajili ya vidhibiti vya kujiendesha vya taa za minara na maboya. Alikuwa amebuni njia ya kuihifadhi gesi ya asetilini kwa salama, kisha vali inayoitoa kwa vipande vidogo vidogo ili taa imetemete pasipo kupoteza gesi, kisha kile kilichoitwa vali ya jua: fimbo nyeusi kati ya fimbo zinazong'aa, ambayo mwanga wa mchana huitanua ikafunga gesi, na magharibi hujikunyata ikaifungua. Mtunza taa alikuwa na elimu nyingi, lakini iliyomweka kazini ilikuwa moja, kujua kwamba magharibi imeingia. Na elimu hiyo sasa ilikuwa imetiwa katika fimbo. Mwaka ule ule wa 1912 mtungi wa gesi ulimlipukia Dalén katika majaribio, akapofuka macho yote mawili. Aliendelea kuiongoza kampuni yake akiwa kipofu hadi alipofariki mwaka 1937. Sitatia maneno juu ya kisa hicho. Nitasema tu kwamba asetilini hutokana na kabaidi na maji, na naamini karabai yetu, taa ya wavuvi wa dagaa, imelibeba jina la kabaidi hiyo. Kwa hiyo msamiati wa mapinduzi yale tulikuwa nao jikoni na ngalawani, na bado hatukuutungia kitu.

Mwaka mmoja tu baada ya Chumbe kuachwa bila mtu, yaani 1927, huko Uingereza Virginia Woolf alitoa riwaya yake To the Lighthouse. Nimekuwa nikiitafsiri kwa vipande, kwa raha na kwa mateso yangu, bila ya kumuahidi mchapishaji yeyote. Inahusu familia iliyo likizoni katika kisiwa cha Uskoti, na safari ya kwenda mnarani inayoahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Mama, Mrs Ramsay, anafuma soksi za kumpelekea mtoto wa mtunza taa, aitwaye Sorley, kwa kuwa mtoto yule anashukiwa kuwa na kifua kikuu cha nyonga. Miaka kumi inapita, vita vinapita, mama anafariki. Mwishoni baba na watoto wawili wanavuka, na wanapokaribia mwamba wanaonekana wanaume wawili wakijiandaa kuwapokea. Riwaya inakwisha kabla wanaume hao hawajasema neno.

Msomaji aweza kuniambia kuwa basi hata Woolf alimwacha mtu wake nje, na kwamba nawashutumu washairi wetu kwa dhambi ya wote. La hasha. Mtunza taa wa Woolf hayupo kwa namna inayopimika. Ana jina, ana mtoto mgonjwa, mguu wa mtoto una kipimo kinacholinganishwa na soksi, na mapema kabisa mama yule anawauliza wanawe wangejisikiaje kufungiwa mwezi mzima, pengine zaidi, juu ya mwamba mdogo usiozidi kiwanja cha tenisi. Umbali kati ya familia ile na mnara ni umbali wa tabaka, na mwandishi anaujua hata ukawa ndio riwaya yenyewe. Sisi hatukumwacha mtu nje. Hatukupata kujua kwamba yumo. Jambo la ajabu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili aliweza kusoma tafsiri ya Kisiwa Chenye Hazina tangu zama za ukoloni, kitabu cha Robert Louis Stevenson, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wahandisi walioijengea Uskoti minara yake ya taa. Mtoto wa minara alitufikia, na akatuletea maharamia.

Wala tusiseme kwamba fasihi yetu haina jicho la kumwona mfanyakazi wa baharini. Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, imesimama juu ya migongo ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Anayeisoma hawezi tena kuliona gunia kama gunia. Katika Kimbunga (1994) ya marehemu Haji Gora Haji, mtu wa Tumbatu aliyekuwa mvuvi, baharia na mchukuzi, vyombo vya baharini ni zana zenye uzito kabla hazijawa mafumbo. Fahari hiyo ni ya visiwani, nami naikubali bila ya kinyongo. Kwa nini basi kuli alipata riwaya na mtunza taa hakupata hata shairi la kurasa mbili? Jibu langu ni kwamba makuli walikuwa wengi na waligoma. Mtunza taa alikuwa mmoja, na lau angaligoma, habari zingalifika mjini kwa njia ya meli iliyopanda mwamba. Yule ambaye kazi yake huonekana tu inapokosekana, mshairi hana budi kumwendea, hatokuja mwenyewe. Na kumwendea kwataka boti na nauli na subira, ambavyo haviwi rahisi kwa mtu mwenye shairi la kupeleka gazetini Ijumaa.

Sasa nirudi nyanda za juu, kwani huku nako kuna mnara ambao haukuitwa mnara. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo. Ikitoka Mpwapwa ilivuka nyika isiyo na maji iitwayo Marenga Mkali, kirangozi mbele, bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar begani, na macho ya wote yalitafuta kitu kimoja, kisima. Wageni walioandika habari za safari hizo walilalamikia hongo za Ugogo kuliko kitu kingine chochote. Hongo hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa malipo ya maji, na maji katika nchi kavu ni jasho la mtu aliyechimba, akazibua tope kila kiangazi, akalinda. Mgogo hana methali ya kisima kinachojitoa maji chenyewe. Hawezi kuwa nayo. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 ilikuja na taa zake za ishara, na taa za mafuta za reli nazo zilikuwa na mtu wa kuzipandia jioni. Mtu wa bara, kwa hiyo, hana sababu ya kuukuta mnara wa pwani ukiwa mtupu na kuridhika.

Hapa namtaja Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, mwaka 1917, aliyefariki 1969. Mgogo huyu Mkatoliki aliandika historia na mila za Wagogo mwaka 1954, akatoa diwani yake mwaka 1963, na akaitumikia UKUTA kwa bidii ambayo wengi wa pwani hawakuifikia. Wapo waliomcheka enzi zake, na wapo wanaomcheka hadi leo, kwamba mtu wa nyika alikuja kuwafundisha watu wa pwani bahari. Mimi namdai jambo jingine, na namshukuru kwa jingine. Namdai kwa kuwa alizipokea taswira za pwani kwa adabu ya mgeni, asiguse kitu. Namshukuru kwa ngonjera. Ngonjera, kama alivyoieneza, ni utungo wa watu wawili au zaidi wanaojibizana mbele ya hadhira. Najua zilivyotumika: kueneza siasa ya wakati ule, na mjinga wa ngonjera aghalabu alikwisha kukubali kabla ya ubeti wa mwisho. Hizo ni kasoro za matumizi. Umbo lenyewe lina fadhila ambayo shairi la kusifu halina, nayo ni kwamba anayezungumziwa hupewa zamu ya kusema. Uweke mnara wa taa katika shairi la kusifu, utakaa kimya na kumeremeta. Uweke katika ngonjera, lazima mtu atoke ndani ajibu.

Shaaban Robert alijua kuvaa sauti ya mwingine, na maisha yake yalipita pande zote mbili za jambo hili. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, mwaka wa gesi ya Chumbe, akaifanya hadi 1944, miaka kumi na minane ya kuzingojea meli. Kisha akahamia idara ya mifugo na kazi ikamfikisha Mpwapwa, kwenye njia ile ile ya misafara. Mtu aliyekaa kwenye mlango wa bahari na kwenye mlango wa nyika angalikuwa msimuliaji bora wa mnara na kisima. Hilo alituachia sisi.

Mimi nimeanza ngonjera hiyo. Msemaji wa kwanza ni mtu wa bara aliyefika pwani, na anaanza hivi:

Taa nimeitazama, lingine niulizalo,
Huyo aliyesimama, hana jina litajwalo,
Na mafuta akapima, usiku wa giza hilo,
Ndilo nilitafutalo, wa pwani nijulisheni.

Mizani imetimia, na vina havikunisumbua. Kilichonisumbua ni zamu ya pili. Nimeiandika mara nne, na mara zote nne mtunza taa wangu alisema mambo makubwa: juu ya nuru, juu ya giza, juu ya wajibu. Nilizichana. Mtu aliyekaa usiku elfu tatu na mtambo hasemi hivyo. Atasema juu ya utambi mbovu ulioletwa na boti iliyopita, juu ya ndege waliojigonga kiooni, juu ya chumvi, juu ya mkewe aliyebaki mjini na barua iliyochelewa siku kumi. Sitaki kuyabuni yote. Wako wazee Nungwi, Makangale, Mafia na Tanga waliowaona watu hawa, au waliozaliwa nao, na wanaweza kuyasema yaliyosemwa. Vijana wa jarida hili wanaokwenda mashambani kukusanya hadithi na vitendawili wangeliongeza swali moja katika orodha yao, nani alikuwa akiwasha, na baada yake nani.

Limebaki suala la jina la kazi, ambalo kwa mfasiri si dogo, maana Sorley hawezi kuningoja milele. Mlinzi wa mnara halifai. Msomaji wa Dodoma atamvika koti na kumpa tochi, na msomaji wa mjini Unguja atamdhania askari. Mwasha taa linaeleza dakika tano za kazi na kuacha saa kumi na moja. Katika kurasa hizi nimesema mtunza taa, nalo ni jina la heshima, lenye kufanana na mtunza bustani. Kasoro yake ni kwamba lina harufu ya ofisi, kana kwamba taa imehifadhiwa kabatini. Katika rasimu ya Woolf nimejaribu mkesha taa, kwa kuwa kukesha ndiko kulikomla mtu yule. Mkesha kwa kawaida ni usiku wenyewe wa ibada au wa sherehe, na najua wapo watakaosema nimeuvua usiku jina lake nikamvika mtu. Nimeliacha hivyo kwa sasa. Ikiwa watu wa Nungwi au wa Kigomasha walikuwa na neno lao la zamani, lililotumika vijiweni kabla ya gesi, naomba liandikwe katika toleo lijalo, nami nitalifuta langu.